Ganzi ya Stima

Tangu nistaafu, kila asubuhi mke wangu hunitazama nikiwa nimekaa na kikombe changu cha chai, halafu ananiuliza, "Na leo utamkanda nani?" Ana haki ya kuuliza. Mikono iliyokanda migongo, magoti na mabega ya watu wa Machakos miaka yote hiyo haijui kukaa bure. Nimekanda unga wa chapati mpaka majirani wakaanza kuniletea unga wao. Nikaona heri nishike kalamu kabla nyumba haijageuka hoteli.

Nawaandikia ninyi mliobaki katika idara ya fiziotherapia. Vyeo sitavigusa, kwa sababu vilinijia vimechelewa, na semina pia sitazigusa, kwa sababu nyingi nakumbuka chakula tu. Nataka kuwaeleza habari za mashine moja kuukuu, ile iliyokaa kabatini nyuma ya mikongojo, ambayo wengi wenu mlidhani ni redio.

Haikuwa redio. Kazi yake ilikuwa kuipitisha dawa ya ganzi kwenye ngozi ya mtu bila sindano, kwa kuisukuma na mkondo mdogo wa umeme. Vitabuni njia hiyo ina jina la Kigiriki lenye urefu wa foleni ya maabara siku ya Jumatatu. Sisi tuliiita ganzi ya stima.

Nilijuana nayo siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likawa linaweza kusimama lenyewe. Mkuu wa idara alikuwa Madam Ndunge, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokuwa ikifika wodi ya pili bila kutumwa. Hakuniuliza nilisomea wapi. Aliniambia nivue saa, nikunje mkono wa shati, niketi. Nilidhani anataka kunipima presha. Akaifuta ngozi ya mkono wangu kwa spiriti, akalowesha pedi ndogo kwa dawa ya ganzi, akaibandika hapo na kuifunga waya mwekundu. Pedi ya pili aliilowesha maji ya chumvi, akaibandika juu zaidi karibu na kiwiko, akaipa waya mweusi. Nyaya zote mbili ziliingia kwenye kisanduku cha rangi ya maziwa chenye kitufe cha kuzungusha na kioo kidogo chenye mshale.

"Usiogope," akaniambia, "inatumia betri."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Alikizungusha kitufe polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Kwanza sikusikia kitu. Kisha ngozi ikaanza kuwasha, kana kwamba siafu wachache wamepotea njia wanaulizana. Wakaongezeka kidogo, pakawa na joto. Kila mara aliniuliza nasikiaje, na mimi nikajibu kiaskari kwamba ni sawa tu. Alipoona taya langu limekaza, akaurudisha mshale chini. Alisema mgonjwa anayejibu "sawa tu" huku amekaza taya ndiye anayeungua, na daktari wa ngozi ndiye atakayekuja kukuuliza ulikuwa wapi. Hilo lishikeni. Mwasho kidogo ni kawaida, kuungua si kawaida, na mshale wa mashine haujui tofauti. Anayejua ni mgonjwa, na uso wake husema kabla ya mdomo.

Huku siafu wakiendelea, alinieleza kinachotendeka. Dawa ile ikiwa majini hubeba chaji chanya. Ukiiweka chini ya waya wa chanya, chanya na chanya hazipatani, mfano wa mama wakwe wawili katika jiko moja. Lazima mmoja atoke, na mlango ulio wazi ni mmoja tu, ngozi ya mgonjwa. Ukikosea ukazigeuza nyaya, dawa inavutiwa kwenye pedi inabaki hapo, na mgonjwa anawashwa bure. "Nyekundu kwenye dawa," akanikaririsha, mpaka nikahisi niko darasa la katekisimu.

Baada ya kama robo saa alizima, akabandua pedi. Pale mahali palibaki duara jekundu. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Ndithini, na kwa kuwa watu wengi wa mjini hawakuijua, nikaanza kumwelekeza barabara. Nilikuwa bado sijafika mto wa kwanza nilipoona sindano imesimama mkononi mwangu. Alikuwa amenichoma katikati ya maelezo, na sikuwa na habari.

"Haya," akasema, "sasa unaweza kumwambia mtu haiumi bila kudanganya."

Saa ya chai nilikaa kantini najifinya pale mahali mara kwa mara kwa mshangao. Karani wa idara alisogeza kiti chake. Alidhani nimekuja na upele.

Miaka ile ya mwanzo tuliitumia mashine hiyo sana, hasa kwa watu waliohitaji sindano kwenye kiwiko au bega na hawakutaka hata kuisikia ikitajwa. Nakumbuka mama mmoja kutoka Kalama, mkulima, ambaye kiwiko kilikuwa kimemkatalia jembe. Sheria yetu ilikuwa chuma chochote kitoke kwanza, pete, saa, mkufu, kwa sababu umeme ukipata chuma chini ya pedi unaweza kuacha alama. Mama huyo alikuwa na bangili ya shaba ambayo haikuwa imetoka mkononi tangu harusi yake. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia, tukajaribu kumbembeleza. Mwishowe alimwambia Madam Ndunge kwamba kama stima inataka bangili, itafute mume. Tukazisogeza pedi mbali na bangili, kazi ikafanyika, kiwiko kikarudi shambani. Mara nyingi sheria na mgonjwa hupatana ukisogeza pedi.

Halafu zikaja krimu za ganzi. Unapaka, unafunika kwa plastiki, unasubiri. Hakuna waya wala siafu, na mgonjwa hashuku kwamba unamwandalia kiti cha adhabu. Madam Ndunge alistaafu, mashine ikaingia kabatini, mikongojo ikaegemezwa mbele yake. Mimi peke yangu nilikuwa nikiitoa mara moja moja, naifuta vumbi, nabadilisha betri, naijaribu mkononi mwangu, nairudisha. Msiniulize kwa nini. Kuna wanaume huweka magari mabovu uani miaka na miaka, na hakuna anayewauliza.

Sasa nifike kwa Mzee Musau.

Hospitali ilikuwa imefungua kitengo cha kusafisha damu kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi. Msimamizi wa zamu kule alikuwa Sista Rukia, mtoto wa mjini hapa hapa, kwao wanauza nguo karibu na msikiti, na babu yake alitoka pwani. Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tujisikie tumekodi chetu. Alinijia asubuhi moja idarani, akafunga mlango, akaniambia ana mgonjwa anayemkimbia.

Nilidhani anazungumza kwa mafumbo. Kumbe alikuwa na maana ya miguu.

Mzee Musau alikuwa mnunuzi wa ng'ombe upande wa Konza, pale tunapoambiwa patajengwa jiji la kompyuta, ingawa yeye alipapenda kwa nyasi zake. Alikuwa mtu mkubwa. Akisimama mlangoni, chumba kiliingia giza. Alikuwa akishika fahali kwa pembe na kumwangusha, watu wa mnadani walishuhudia. Presha ilikuwa imekula figo zake kimya kimya, na sasa damu yake ilihitaji kusafishwa mara kadhaa kila wiki au afe. Hapo mwanzo walimwekea mrija shingoni. Mrija ukaingia maambukizi, nusura umuue. Madaktari wakamfanyia upasuaji wa kuunganisha mishipa ya mkono ili damu itolewe na kurudishwa kupitia hapo, na upasuaji ulikwenda vizuri, kwa kuwa alikuwa amelazwa usingizi. Shida ilikuwa baadaye. Kila akija kusafishwa damu, ilibidi mkono huo uchomwe sindano mbili, na sindano zenyewe si za chanjo. Ni nene.

Mara ya kwanza aliiona sindano, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akapatikana stendi ya magari. Mara ya pili alikaa kiume, akaiangalia ikisogea, akazirai. Alipoanguka alikwenda na meza ya dawa na pazia lake. Wakamshauri apigwe kwanza kijisindano kidogo cha ganzi. Akawajibu kwamba sindano ya kumwandaa kwa sindano ni sindano. Wakajaribu krimu. Krimu ilitaka saa nzima ya kusubiri, na saa nzima ilimtosha kabisa kufika stendi.

Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mrija mpya waliomwekea shingoni kwa muda hauwezi kukaa zaidi. "Akikataa sindano, nampoteza," Sista Rukia akaniambia. "Na simpotezi kwa sababu ya kitu kinachoisha kwa sekunde, Kyalo. Ile redio yako ingali inafanya kazi?"

Nilimwambia si redio. Tulikwenda pamoja kwa daktari, naye alitusikiliza, akaukagua mkono, akauliza kuhusu moyo na kama mgonjwa amewahi kudhurika na dawa za ganzi, kisha akaandika dawa na kiasi chake. Alisema tu kwamba angependa kuwepo nitakapomweleza Mzee Musau kuwa badala ya sindano tunamletea stima.

Alikuwa na akili, daktari huyo. Mzee Musau alinisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mke wake, Mama Mwende, mwanamke mwembamba mtulivu aliyekuwa amekaa na kikapu chake miguuni. Akamwambia kwa Kikamba jambo ambalo sitaliandika, kwa kuwa linamhusu marehemu mama yangu. Kisha akanieleza kwa heshima kwamba aliwahi kugusa ua wa stima katika ranchi moja ya Konza, meno yakagongana, kofia ikaruka, na fahali aliyekuwa akimfuata akageuza njia kwa huruma.

"Daktari, mimi niko na shida na sindano," akasema. "Sasa unanipea shida mbili."

Nilimrekebisha kwamba mimi si daktari. Haikusaidia, maana kwa mgonjwa kila mwenye koti jeupe ni daktari mpaka amwone akipiga deki. Akadai nijitie stima mwenyewe kwanza. Nikajitia. Akaniangalia usoni muda wote, akasema mimi nimezoea, sihesabiki. Akataka Sista Rukia naye atiwe. Sista Rukia akakunja mkono wa sare, akatiwa, na mwenzake akamchoma, wala hakupepesa jicho. Mzee Musau akasema wahudumu wa hospitali wanalipwa kujifanya.

Ndipo Mama Mwende akasogeza kikapu chake, akavua saa, akanyoosha mkono. Nikambandika pedi, nikazungusha kitufe. Baada ya muda kidogo macho yake yalikuwa yanafumba. Nilipomuuliza anasikiaje, akasema "Nĩ nesa," yaani vizuri, akasinzia kabisa. Sindano ilipomwingia alikuwa akikoroma. Mumewe alimtazama kwa muda mrefu, akaanza kufungua kifungo cha mkono wa shati lake.

Ile ilikuwa kazi ya kuifanya taratibu, nanyi mkiifanya fanyeni hivyo. Sista Rukia alitia alama kwa kalamu mahali pa kuchoma. Nilikagua ngozi kama ina mkwaruzo, maana umeme hupenda mkwaruzo. Nilipunguza nywele kwa mkasi badala ya kunyoa, kwa sababu wembe huacha vijikato visivyoonekana. Nikaweka nyekundu kwenye dawa. Tukaanza mahali pa kwanza, kisha pa pili. Nikamwambia ukweli wote, kwamba siafu watakuja, joto litakuja, na kwamba ganzi hii ni ya juu juu: atasikia mtu anamsukuma, ila hatasikia anamchoma.

Siafu walipofika alikaza macho. Nikamuuliza habari za fahali. Mtu wa ng'ombe ukimuuliza habari za fahali umemaliza kazi. Akanisimulia juu ya mmoja aliyepanda baraza ya duka, akaingia, akasimama nyuma ya kaunta kama mwenye duka, na wateja wakasita kuingia wasijue kama leo anauza kwa mkopo. Alikuwa bado hajamtoa fahali dukani Sista Rukia alipomaliza sindano zote mbili na kuanza kufunga plasta.

"Sasa mtaanza saa ngapi?" Mzee Musau akauliza.

"Tumemaliza, baba," Sista Rukia akamjibu.

Akautazama mkono wake. Akaziona sindano mbili zimeingia, mirija imejaa damu yake mwenyewe, mashine inazunguka. Akafurahi, akanitazama ili aniambie amefurahi, na papo hapo akazirai.

Lilikuwa kosa la hesabu tu. Ngozi tulikuwa tumeitia ganzi, macho hatukuyatia. Tangu siku hiyo Mama Mwende alileta leso yake moja ya maua, tukawa tunamfunika nayo mkono, na mambo yakatulia. Alikuja kila siku yake, akavua kofia, akakunja shati, akaleta fahali mwingine wa kutusimulia. Sista Rukia alimnyang'anya maparachichi na ndizi alizokuwa akificha kikapuni kwa mke wake, maana figo zake hazikuziweza, na ugomvi wao ukawa wa parachichi tu. Rangi ilimrudia. Siku moja alipanda ngazi bila kupumzika katikati, akasimama juu akitusubiri, kana kwamba yeye ndiye aliyetuleta.

Na hapo, kama mjuavyo vifaa vya hospitali, mashine ikafa.

Ilikuwa Jumatatu. Nilizungusha kitufe, taa ikawaka, lakini mshale haukusogea. Nikabadilisha betri, nikabadilisha nyaya, nikaijaribu mkononi mwangu: hakuna hata siafu mmoja. Fundi wa vifaa aliifungua, akaitazama ndani, akaifunga taratibu, akanitazama jinsi daktari anavyowatazama jamaa wa mgonjwa. Krimu nayo ilikuwa imekwisha stoo. Na Mzee Musau alikuwa njiani. Mwisho wa wiki ulikuwa umepita tangu asafishwe damu, na tulijua angefika amevimba miguu.

Tulisimama korido, Sista Rukia na mimi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba taa inawaka. Tungeweza kumbandika pedi kama kawaida, kuzungusha kitufe, kumuuliza habari za fahali, kumfunika leso. Labda asingejua. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nilikuwa nimeliwaza dakika tano kabla yake. Lakini Mzee Musau angewasubiri siafu wake, maana nilikuwa nimemfundisha kuwasubiri. Na sindano ikimwingia akaisikia, baada ya mimi kumwambia hataisikia, basi hata tukileta mashine mpya kumi hatatuamini tena, na mtu yule uhai wake ulikuwa umeshikwa na kutuamini tu. Sikuwa nimemaliza kuyasema hayo Sista Rukia akanikatiza. "Basi twende tukamwambie," akasema.

Tulimkuta amekwisha kukaa kwenye kiti chake, shati limekunjwa. Nilimwambia kwamba mashine imekufa, krimu hakuna, na damu yake lazima isafishwe leo. Akauliza kama siafu hawatakuja kabisa. Nikamwambia hawatakuja. Aliteremsha mkono wa shati, akafunga kifungo, akachukua kofia yake, akatoka nje.

Sista Rukia alitaka kumfuata. Mama Mwende akamshika kiwiko. "Mwache," akasema. "Nikimfuata atakimbia zaidi. Namjua." Akaikunja leso yake ya maua, akaifunua, akaikunja tena. Ndiyo mara pekee niliyoona mikono yake haitulii.

Tukakaa. Sijui ilikuwa muda gani. Wagonjwa wengine chumbani walikuwa wakisafishwa damu, macho yao mlangoni, kwa kuwa wote walijua. Nilijaribu kufikiria kama nimesema vibaya, kama ningeanza na maneno mengine. Nilijiuliza pia kama uongo mdogo wenye taa inayowaka si bora kuliko ukweli unaomtoa mtu nje akiwa na maji mapafuni.

Halafu mlango ukaingia giza. Mzee Musau alikuwa amesimama pale, ameshika fremu, anahema. Alifika kwenye kiti akaketi kwa uzito wake wote. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kusema.

"Nimefika kwa geti," akasema. "Askari ameniangalia, ameniangalia miguu, akaniuliza, 'Mzee, unatafuta hospitali?'"

Hakuna aliyecheka mpaka Mama Mwende alipocheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, na mumewe akamtazama, akaanza kucheka naye, na chumba kizima kikafuata, mpaka mashine moja ikaanza kulia kwa sababu mgonjwa wake alitikisa mkono. Sista Rukia alikwenda kuizima huku akijifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Mzee Musau akafungua kifungo tena. Akaniambia anataka niketi upande wake mwingine, nimpe mkono wangu, nimweleze kila kitu kabla hakijatokea, na nisimwambie haiumi. Leso hakuitaka. Nikaketi. Nikampa mkono wa kulia, na hapo nilikosa busara, kwa sababu ndio ninaoutumia kazini. Nilimwambia sasa Sista anakufuta, itakuwa baridi. Nikamwambia sasa ameshika ngozi. Nikamwambia sasa.

Alinibana. Jamani, alinibana. Mtu anayeangusha fahali hasahau jinsi ya kushika. Hakupiga kelele, alitoa tu mlio mdogo puani, na chozi moja likashuka hadi kwenye masharubu, Mama Mwende akalifuta kwa kidole. Aliutazama mkono wake wazi wazi.

"Iko ndani?"

"Iko ndani, baba," Sista Rukia akasema.

"Basi ongeza hiyo ingine."

Ya pili ikaingia. Mashine ikaanza kuzunguka. Kabla damu haijapata mzunguko mzuri alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, bado ameshika mkono wangu, na sikuwa na moyo wa kumwamsha. Kwa wiki nzima baada ya hapo nilijitibu vidole kwa maji ya moto na mazoezi ya kubana mpira, yale yale mliyokuwa mkiniona nikiwapa wagonjwa waliovunjika. Mmoja wenu aliniuliza niliumia wapi. Nilimwambia nilisalimiana na mtu.

Alichomwa hivyo hivyo, bila ganzi, kwa muda mrefu. Kila mara alikuja, kila mara alikunja shati, kila mara nilikwenda kukaa upande wake, sasa nikimpa mkono wa kushoto. Uvimbe ulipungua. Sifa zake zikaenea. Wagonjwa wapya waliolia walionyeshwa Mzee Musau, yule pale, mkubwa kama lori, hahitaji chochote, mtazameni. Hata baadhi yenu mlianza kumtaja kama mfano, na nilisikia mmoja akimwambia mama mmoja mwoga kwamba ni suala la kukaza roho tu. Nilimvuta kando, nikamwambia asiseme hivyo tena. Hakunielewa. Nadhani ataelewa akifika mwisho wa maandishi haya.

Nilipokuwa nakaribia kustaafu, ndipo mashine mpya ilipofika. Ni ndogo, inakaa kiganjani, na pedi zake zinakuja zimekwisha kupakwa gundi. Nilifundisha zamu nzima kuitumia, kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe, na kila mmoja aliniambia ni sawa tu, nami nikapunguza. Tulipopanga ni akina nani waanze nayo, jina la Mzee Musau halikutajwa. Kila mtu aliona amekwisha kuvuka. Mimi pia niliona hivyo, na kusema kweli nilijivunia, kama mtu aliyefuga kuku akaamka akakuta ni tausi.

Hata hivyo nilikwenda kumuuliza, kwa adabu tu. Nilimkuta kwenye kiti chake, Mama Mwende pembeni, Sista Rukia akitayarisha sindano. Nikamweleza kwamba tumepata mashine mpya, ila tunajua yeye sasa ni simba, anaweza bila ganzi, na pengine hataki tena usumbufu wa kusubiri siafu.

Alinitazama jinsi anavyomtazama muuza ng'ombe anayesema ng'ombe wake hana kasoro. Kisha akavua saa, akaiweka kwenye kikapu cha mke wake, akakunja shati hadi juu ya kiwiko, akanyoosha mkono.

"Kuweza naweza, Kyalo," akasema. "Ni nani alikuambia napenda?"